Ahadi si Bawabu

Ahadi ni jambo moja, na kutimizwa kwake ni jambo la pili. Mtu akiandika neno "asali" juu ya chupa iliyotiwa siki, siki ile haigeuki kuwa asali kwa heshima ya maandishi. Itabaki siki, na ulimi wa mnywaji wa kwanza ndio utakaotoa hukumu. Jambo hili ni wazi kama jua la mchana, wala hakuna mtoto asiyelijua. Walakini wako watu wazima, wenye elimu na vyeo, ambao wakiketi mbele ya tarakilishi husahau tofauti iliyopo kati ya maandishi ya juu ya chupa na kinywaji kilichomo ndani. Usahaulifu huo ndio ninaoupinga katika insha hii. Nakuomba, msomaji, unifuate hatua kwa hatua, wala usilikubali neno langu lolote kabla hujalipima.

Programu ni mpango wa amri ambazo tarakilishi huzifuata. Amri hizo hushughulika na vitu vya aina mbalimbali: nambari, maandishi, tarehe, orodha za majina, na kadhalika. Kila aina ina kazi zinazoifaa na kazi zisizoifaa. Nambari hugawanywa kwa mbili. Jina la mtu haligawanyiki. Tena, vitu vinavyofanana machoni vyaweza kuwa vya aina mbili. Katika lugha ya Python, 5 ikijumlishwa na 5 huzaa 10. Lakini 5 iliyofungwa katika alama za usemi si nambari tena, ni maandishi. Na maandishi mawili ya namna hiyo yakijumlishwa hayazai 10 bali 55, kwa kuwa yamewekwa ubavu kwa ubavu kama herufi za neno. Tarakilishi haikukosea. Ilifanya ilivyoagizwa, juu ya kitu ilichopewa.

Lugha za programu zimegawanyika katika jambo hili. Ziko lugha kali, kama Ada na Java, ambazo kwa kawaida humtaka mwandishi ataje mapema aina za vitu vyake, na mkaguzi huyapitia maandishi yote kabla programu haijaendeshwa. Ziko pia lugha huria, kama Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na JavaScript iliyotokea mwaka 1995. Katika lugha hizi jina moja laweza kubeba nambari asubuhi na maandishi jioni, na hakuna wa kuuliza swali mpaka programu ianze kwenda. Uhuru huo uliwavuta watu wengi, na makosa yakaja pamoja nao. Basi mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa TypeScript, ili kuongeza aina juu ya JavaScript. Mwaka 2015 toleo la 3.5 la Python liliwapa waandishi njia rasmi ya kuandika, kando ya jina, aina ya kitu wanachokitazamia. Chombo kiitwacho mypy, kilichoanzishwa na Jukka Lehtosalo, huyasoma maelezo hayo na kumwonya mwandishi kabla ya safari.

Hapa ndipo penye fundo la mambo, nami naomba ulitazame vizuri. Maelezo ya aina katika Python husomwa na mkaguzi kabla ya safari; Python yenyewe, inapoiendesha programu, haiyatumii kumzuia mtu yeyote. Ukiandika kwamba kitu fulani ni nambari, kisha yakaja maandishi, Python itayapokea maandishi na kuendelea na njia yake. TypeScript nayo ni hivyo hivyo: inapogeuzwa kuwa JavaScript, aina zote hufutwa, zisibakie hata alama. Maelezo hayo ni ahadi ya mwandishi kwa waandishi wenzake. Ni ahadi njema, lakini ahadi si bawabu. Bawabu ni yule anayesimama mlangoni programu inapokwenda, akamtazama kila mgeni usoni, akauliza, "Wewe ni nani, na umechukua nini?"

Wako wanaofundisha leo kwamba aliyekwisha andika aina zake zote, na mkaguzi akanyamaza, hana haja ya bawabu. Wao humwona bawabu kuwa kazi ya watu wasiojua kuandika. Mimi nasema mafundisho hayo ni ya hatari, na katika lugha huria ni ya hatari mara mbili. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikadhaniwa kwamba nacheka vilema vya wengine.

Shule moja iliniomba niandike programu ndogo ya kupanga alama za mtihani, kutoka ya juu mpaka ya chini. Niliiandika kwa Python, nikaeleza aina ya kila kitu kwa uangalifu, na mypy ikatangaza kwamba haikuona kosa lolote. Nilijisifu moyoni. Alama za somo moja zililetwa katika faili ya JSON, na aliyeitayarisha alizifunga zote katika alama za usemi. Yaani alileta maandishi, si nambari. Programu yangu haikupiga kelele wala kusimama. Ilipanga maandishi kama kamusi inavyopanga maneno, kwa kulinganisha herufi ya kwanza, kisha ya pili. Mwenye 98 akawa wa kwanza, mwenye 92 wa pili, na mwenye 9 akawa wa tatu, juu ya mwenye 85. Binti aliyepata 100 aliwekwa mkiani mwa darasa, kwa kuwa herufi yake ya kwanza ilikuwa 1. Orodha ikabandikwa ukutani. Binti yule alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kusema neno. Kosa liligunduliwa na mwalimu wake, si na mimi, wala si na mkaguzi niliyemtegemea.

Je, mkaguzi alilala? La hasha. Aliifanya kazi yake yote. Kitu kinachosomwa kutoka faili ya JSON huhesabiwa na mkaguzi kuwa cha aina ya "chochote". Nilipoandika pembeni kwamba chochote hicho ni orodha ya nambari, aliniamini, kwa sababu hakuwa na njia ya kunipinga. Yeye hukagua maandishi ya programu, na faili ilikuwa bado haijaletwa. Humlaumu mtu kwa kutomtambua mgeni ambaye hajafika. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, niliyeacha mlango wazi kwa kuwa nilikuwa na ramani nzuri ya nyumba. Mistari michache ya kuuliza, "Je, kila alama ni nambari, tena si chini ya 0 wala si juu ya 100?" ingaliizuia aibu ile kabla gundi ya karatasi haijakauka.

Najua watakalolijibu wapinzani wangu, nami sitawanyima haki yao. Watasema kwamba bawabu huliona kosa lililomfikia tu, bali mkaguzi huona hata makosa ya njia ambazo hakuna aliyewahi kuzipita. Hilo ni kweli. Programu yaweza kwenda mwaka mzima bila kuingia katika chumba chenye kosa, kisha siku ya haja kubwa ikaingia na kuanguka. Mkaguzi hutembelea vyumba vyote kabla ya siku hiyo. Tony Hoare, aliyebuni mwaka 1965 kielekezi kisichoelekeza kwenye kitu chochote, alikiri mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Na mkaguzi wa aina wa siku hizi hulikamata kosa la namna hiyo kwa wepesi, akimkumbusha mwandishi kwamba kitu anachokitumia huenda hakipo. Kampuni ya Dropbox ilieleza mwaka 2019 jinsi ilivyofikisha ukaguzi huo kwenye mistari milioni nne hivi ya Python. Watu hawafanyi kazi kubwa kiasi hicho kwa mchezo. Kwa hiyo sikuambii umfukuze mkaguzi. Nakuambia usimpe kazi ya bawabu, kwa sababu hakuumbiwa kazi hiyo.

Watatumia na methali. Watasema nyumba njema si mlango. Nami nakubali kwamba nyumba njema si mlango. Lakini nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni uwanja. Uzuri wa vyumba vya ndani hautamzuia mpita njia mwenye miguu ya matope.

Tazama msiba uliowapata watu wenye elimu kuliko mimi na wewe. Mwezi Desemba 1998 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwenda kuichunguza sayari ya Mirihi. Hati ya makubaliano iliagiza kwamba kipimo cha msukumo wa injini zake ndogo kiandikwe kwa newtoni na sekunde. Programu moja iliyokuwa duniani ilikiandika kwa pauni na sekunde, na faili yake ikasomwa na programu ya pili iliyodhani inapokea newtoni. Kipimo kimoja ni karibu mara 4.45 ya kingine. Kwa miezi kadhaa hesabu za njia zilikwenda kombo kidogo kidogo, na tarehe 23 Septemba 1999 chombo kikaikaribia Mirihi chini mno, kikapotea. Hakuna aliyeleta maandishi badala ya nambari. Nambari ilitazamiwa, na nambari ikaja. Na ile hati ya makubaliano, msomaji, ilikuwa nini kama si ahadi iliyoandikwa vizuri, isiyokuwa na mtu wa kuuliza mlangoni kama imetimizwa?

Mpinzani hodari atasema hapo, "Ungaliweza kuunda aina ya newtoni na aina ya pauni, na mkaguzi angalizitenga." Ni shauri zuri, na ndani ya programu moja linafaa sana. Lakini zile zilikuwa programu mbili, na kati yao palikuwa na faili. Aina haivuki faili. Ikifika ukingoni huvua nguo zake zote, na kinachovuka ni alama tupu. Upande wa pili hauwezi kujua kilichomaanishwa ila kwa kuandika kipimo pamoja na nambari, na kuwa na bawabu wa kukikataa kila kilichokuja bila kipimo chake. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa faili zote, kwa fomu zote zinazojazwa na watu, na kwa ujumbe wote unaotoka tarakilishi moja kwenda nyingine.

Pengine utasema kwamba makosa haya ni ya lugha huria, na dawa yake ni kuhamia katika lugha kali. Basi sikia habari za roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 iliruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za kisayansi. Programu yake ya kuongoza njia ilikuwa imeandikwa kwa Ada, lugha inayosifiwa kwa ukali wake juu ya aina. Ndani yake palikuwa na amri ya kuigeuza nambari kubwa ya biti 64 kuwa nambari kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kupita 32,767. Programu ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, na katika safari za roketi ile nambari hiyo haikuweza kukua kiasi hicho. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine. Nambari ilipita mpaka. Tarakilishi ya akiba ikasimama, na ile kuu ikasimama kwa sababu ile ile. Na sekunde 37 hivi baada ya kuanza safari yake roketi ilipinda na kuvunjika angani.

Wachunguzi walipofukua walikuta jambo la kuhuzunisha. Palikuwa na nambari saba zilizoweza kupita mpaka namna hiyo. Nne kati yake ziliwekewa kinga, na tatu ziliachwa, ili kazi ya tarakilishi isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Ile iliyoua roketi ilikuwa miongoni mwa tatu zilizoachwa. Aina zote zilikuwa sahihi. Ishara ya hatari hata ilitolewa, lakini hapakuwa na amri iliyoandaliwa kuipokea, ila ile ya kuzima kila kitu. Tunajifunza mawili hapo. La kwanza, aina husema kitu ni cha namna gani, lakini mara nyingi haisemi kama ni cha kiasi gani. La pili, bawabu apewe pia agizo la kufanya anapomwona mgeni mbaya. Kwani bawabu anayepiga yowe kisha akaichoma nyumba hana faida.

Tena wako wanaolalamika kwamba ukaguzi wa wakati wa safari hula muda. Ndiyo, hula. Chakula nacho hula muda kupikwa, na bado hatuli mbichi. Lakini malalamiko haya yana ukweli kidogo, maana wako waandishi waoga wanaoweka bawabu katika kila chumba, jikoni na hata kitandani, wakiuliza swali lile lile mara mia. Programu yao huwa nzito, na msomaji wake hupotea katika maswali. Huo nao ni ujinga, ingawa ni ujinga wa mwoga na si wa mwenye kiburi. Kitu kilichokwisha pimwa mlangoni kikapewa umbo la kuaminika hakina haja ya kupimwa tena sebuleni. Hapo sasa ndipo mahali pa mkaguzi wa aina: ahakikishe kwamba kitu kile kilichopimwa kinapelekwa chumba kinachostahili.

Basi utaratibu ninaoutetea ni huu. Mlangoni pasiwe na imani. Kila kitu kitokacho nje, kiwe kimeandikwa na rafiki au na adui, kiulizwe maswali matatu. Kwanza, aina yake: je, ni nambari kweli, au ni maandishi yaliyovaa nguo za nambari? Pili, mpaka wake: alama ya 780 ni nambari kamili isiyo na dosari, lakini si alama ya mtihani wa mia, na umri wa miaka 3 chini ya sifuri ni nambari kamili pia. Tatu, maana yake: tarehe 31 Februari ina umbo la tarehe, na mwaka wote haina siku yake. Tazama nambari ya simu ya hapa kwetu, inayoanza na sifuri. Ukiipokea kama nambari ya hesabu, sifuri ile hutoweka, na fedha au habari iliyokusudiwa mtu haimfikii. Hayo yote hujulikana mlangoni tu. Kitakachoshindwa kirudishwe kwa maneno ya wazi, aliyekileta ajue alipokosea. Kitakachoshinda kipewe umbo lake, kiingie, na ndani ya nyumba mkaguzi atawale kwa raha.

Na kama ningelazimishwa kuchagua mmoja tu, ningemwacha mkaguzi nikamshika bawabu. Nasema hivyo nikijua gharama yake. Programu isiyokuwa na mkaguzi yaweza kuanguka, na kuanguka kwake huonekana. Programu isiyokuwa na bawabu yaweza kuendelea kusimama huku ikisema uongo, na uongo wake hubandikwa ukutani, huingizwa katika cheti, huandikwa katika daftari la dawa za mgonjwa. Kati ya mtumishi anayezimia na mtumishi anayedanganya, yupi wa kuogopwa zaidi?

Kijana unayesoma maneno haya, huenda kesho utaandika programu itakayogawa karo, au itakayohesabu vidonge vya mtoto mchanga, au itakayopanga majina ya wenzako kama mimi nilivyoyapanga. Watu watakaozitegemea hawataziona aina zako zilizoandikwa kwa ustadi. Wataona tu kilichotoka. Usijifariji kwa kusema kwamba uliandika vizuri kile ulichokitazamia, kwa maana dunia haijawahi kuapa kuleta kinachotazamiwa. Tahadhari kabla ya hatari ni methali ya wazee, nayo haijachakaa kwa kuwa tumepata mashine.

Binti yule nilimtafuta, nikamwomba radhi mbele ya darasa lake, na orodha mpya ikabandikwa juu ya ile ya zamani. Alinisamehe kwa adabu. Kisha aliniuliza swali moja: "Mwalimu, mashine haikuweza kuona kwamba 100 ni kubwa kuliko 9?" Nikamjibu kwamba ingaliona, kama mimi ningaliiambia itazame.